Tamthilia Iliyowafuturisha Watu Mapema

Kwa watu wa televisheni wa Misri, mwaka una mwezi mmoja tu, nao ni Ramadhani. Miezi mingine tunaijaza tu ili skrini isikae nyeusi. Tamthilia zote zilizopikwa mwaka mzima hutolewa siku moja, na kila stesheni inamwaga yake baada ya maghribi, watu wakiwa bado na tonge mdomoni. Mimi ndiye mpanga ratiba wa Televisheni ya Zumurrud, stesheni ndogo yenye ghorofa mbili pale Dokki, na kazi yangu ni kuamua nani apambane na nani, saa ngapi. Ni kazi ya kununiwa. Nikimfurahisha mwenye stesheni, waigizaji hawanisalimii. Nikiwafurahisha waigizaji, mwenye stesheni ananikumbusha jina la aliyekuwa na kiti changu kabla yangu.

Mwaka ule nilikuwa na tamthilia niliyoitafuta mwenyewe na kuipigania mwenyewe. Iliitwa Duka la Pasi. Umm Rabii, mjane mwenye duka la kupiga pasi, anajua siri za mtaa mzima kwa vitu ambavyo watu husahau mifukoni. Hakuna gari lililolipuka humo, wala bastola. Watu wanaongea tu, lakini wanaongea hasa, maneno ya kukufanya uache sigara ikuunguze vidole. Umm Rabii mwenyewe alikuwa Bi Dawlat Shukri, ambaye kwa miaka yote amekuwa jirani anayeleta chai, mama mkwe, muuguzi, na mara moja maiti. Wenzake walimtania kwamba ndiye maiti aliyeigiza vizuri kuliko wote.

Siku ya kutia saini alinishika mkono.

"Binti yangu, mimi huwa nakufa sehemu ya tatu. Wakinipenda sana, ya tano. Wakinionea huruma, nasafirishwa Kuwait kwa mwanangu na sirudi tena. Mara hii nifikishe ya thelathini. Basi. Sitaki kingine."

"Utafika, Bi Dawlat."

"Sema inshallah, wewe mwanamke! Unaahidi kama waziri."

"Inshallah."

Nilimpangia saa tamu kuliko zote, mara tu baada ya futari. Halafu, wiki moja kabla ya mwezi kuandama, stesheni kubwa ikatangaza kwamba Ramzi al-Gabri, yule nyota wa misuli, atakuwa hewani saa hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo. Mwenye stesheni yetu, Haji Mutawalli, aliyetajirika kwa vigae vya sakafu na kununua televisheni ili watu waache kumwita Haji wa Vigae, akaniita ofisini.

"Ibtihal, wamemweka Ramzi saa yetu."

"Nimeona, Haji."

"Ramzi ana chui."

"Chui gani?"

"Kwenye tamthilia. Chui wa kweli, anamfuga nyumbani. Sisi tuna nini?"

"Tuna Bi Dawlat."

"Na pasi."

"Na pasi, Haji."

Alinitazama kama mtu aliyeuziwa vigae vyenye ufa. "Mwanamke mzee na pasi, dhidi ya chui. Hebu niambie ukweli, wewe unanitakia mema?"

Nilibishana mpaka sauti ikanikauka. Nilipiga meza. Haji alisubiri nimalize, akaniagizia chai, kisha akaamua alichokuwa ameshaamua. Saa ya futari ikapewa kipindi cha mizaha, ambamo watu maarufu wanafungiwa kwenye lifti inayojifanya kuanguka. Duka la Pasi likasukumwa hadi ile saa ya kabla ya maghribi, ambayo sisi wa kazi hii tunaiita saa ya makaburini. Wanaume wamelala, watoto wana njaa na hasira, wanawake wako jikoni. Saa hiyo hata anayejipenda hajitazami kwenye kioo.

Bi Dawlat nilimpa habari kwa simu.

"Saa hiyo hata marehemu mume wangu angekuwa amelala," akasema. "Lakini thelathini ni thelathini. Zote zitapita?"

"Zote, inshallah."

"Umejifunza," akasema, akacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Ramadhani ikaingia. Kampuni ya takwimu ina utaratibu wake. Jioni, watu wakishashiba, inapiga simu majumbani na kuuliza: leo mlitazama nini, saa ngapi? Anayeinua simu ni baba wa nyumba, kwa sababu simu iko karibu na kiti chake. Akiulizwa kuhusu saa ya kabla ya maghribi anajibu kwa dhamiri safi kabisa: "Saa hiyo? Hatukutazama kitu, nyumba ilikuwa imelala." Nyumba ni yeye. Utaratibu huo niliujua, na bado karatasi ya kumi la kwanza ilipofika niliiamini, kwa kuwa namba ikishapigwa chapa inapata heshima hata kama haina akili. Chui wa Ramzi alikuwa kileleni. Lifti yetu ilikuwa katikati. Duka la Pasi lilikuwa na sifuri iliyokaa peke yake, bila hata nukta ya kuipa kampani.

Sherbini, mtu wetu wa matangazo, ambaye hata harusini hukaa kama yuko matangani, aliisoma kwa sauti. "Hata wenye dawa ya mende wamekataa kutangaza humo," akaongeza. "Nimewabembeleza."

"Kesho inaondolewa," Haji akasema. "Saa hiyo nitamweka mpishi, atufundishe njiwa wa kujazwa. Ibtihal, utamwambia Bi Dawlat leo baada ya futari."

"Haji, hajafika hata nusu!"

"Na mimi ningependa afike. Lakini hakuna mtu, binti yangu. Nimrushie nani? Viti?"

Niliumia, na niseme wazi, nilikasirika pia, na hasira ile haikuwa na pa kwenda. Nikashuka chumba cha mitambo kuangalia sehemu ya mwisho ya mama wa watu.

Chumba cha mitambo saa ya maghribi ni himaya ya Bishay. Yeye ni Mkristo wa Shubra, na kila Ramadhani huchukua zamu hiyo ili sisi tupate kufuturu bila kushika vitufe. Mchana kutwa huficha sigara na chai yake kwa heshima yetu. "Nafunga nanyi bila thawabu," husema. Tulikuwa tumeshapanga tende na glasi za ukwaju juu ya meza ya mitambo, na kwenye skrini Umm Rabii alikuwa amekuta pete ya mwanamke mwingine katika mfuko wa koti la bwana harusi. Harusi ni usiku huo. Bibi harusi yuko mlangoni, amekuja kuchukua koti.

Sasa, mwongozaji wetu, Nadim, ni mgonjwa wa uhalisia. Tukio lile alilirekodi katika kichochoro cha kweli, na wakati Bi Dawlat amesimama na pete mkononi, mwadhini wa msikiti wa pale akaanza kuadhini alasiri. Bi Dawlat akainua macho, machozi yakamdondoka juu ya pasi. Nadim hakukata. Tulipoiona mara ya kwanza sote tulilia, na hakuna aliyewaza jambo jingine, kwa kuwa siku ile tamthilia ilikuwa ya baada ya futari. Adhana ndani ya tamthilia baada ya futari haimdhuru mtu. Kisha saa ikabadilishwa, na mimi niliyeibadilisha kwa kalamu yangu nilikuwa nawaza chui.

Ikatoka kwenye spika, sauti nzuri, nzito: Allahu akbar, Allahu akbar.

Mkono wangu ulichukua tende bila kuniuliza. Fundi wa sauti akainua glasi yake. Bismillahi, akasema mtu nyuma yangu.

"Temeni!" Bishay alipiga kelele, ameruka kutoka kitini. "Temeni jamani, hiyo ni tamthilia! Jua lingali juu!" Akampokonya fundi wa sauti glasi, ukwaju ukamwagika mpaka kwenye mikono yake. "Tema, Ibtihal, tema! Mnataka niulizwe mimi siku ya kiyama?"

Nilitema tende juu ya ratiba ya kesho. Tukatazamana. Sote tulikuwa tunafikiria jambo moja, kwamba ikiwa sisi tulio mbele ya skrini, tunaoijua tamthilia kwa moyo, tumedanganyika, je, mtu aliyeipa mgongo?

Ndipo simu zikaanza. Nilishika ya kwanza.

"Nyinyi ni Waislamu kweli?" Mwanamke wa Imbaba, sauti ya kupasua kioo. "Nimekunywa glasi nzima! Nzima! Kisha naangalia dirishani, naona jua linanitazama!"

"Tusamehe sana, mama. Ulikuwa wapi?"

"Nitakuwa wapi saa hii, klabu? Jikoni!"

Wa pili alikuwa mpishi wa meza ya rehema huko Bulaq, yule anayewapikia wapita njia bure. Alikuwa na televisheni ndogo kando ya masufuria. Aliposikia adhana akapaza sauti, "Futuruni!" na mtaa mzima wa wachukuzi ukafuturu. "Wamekula mpaka mifupa," akalalamika. "Sasa imeadhiniwa ya kweli, wanasema ile haikuhesabika, wanataka nyingine. Niwape nini, mwiko?"

Jikoni. Jikoni. Nakaanga sambusa. Nachuja juisi. Nakoroga bamia. Kila simu jikoni, na kila mtu akishamaliza kututukana, sauti ilishuka, ikawa ya kujifichaficha kidogo.

"Haya, yamepita. Sasa ile pete, alimwambia bibi harusi au hakumwambia? Mimi sikusikia, mume wangu alikuwa anapiga kelele."

Nilipoulizwa hivyo na mtu wa tatu nilikaa chini. Nilianza kucheka, na nikicheka machozi yakanitoka, nikamwambia yule mama wa watu, "Kesho utajua, dada. Wallahi kesho utajua," na sikuwa na idhini ya kuahidi.

Haji Mutawalli aliingia na kitambaa cha mezani bado kimening'inia shingoni.

"Mmeniangamiza! Mke wangu kafuturu jua likiwaka! Nyumbani kwangu! Kwa stesheni yangu mwenyewe!"

"Haji, alikuwa anatazama nini?"

"Hatazami kitu, yuko jikoni!"

"Na jikoni adhana kaisikia wapi?"

Haji akakitoa kile kitambaa shingoni taratibu. "Kila siku nasikia mwanamke anaongea humo," akasema. "Mimi nilidhani dada yake amekuja."

Sherbini alikuwa na simu sikio hili na simu sikio lile, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa na rangi usoni. "Haji," akanong'ona, amefunika zote mbili, "hawa wote ni wapishi wa majumbani. Hawa ndio wanaonunua samli. Nchi nzima ya samli iko hapa, na mimi nilikuwa nawabembeleza watu wa mende!"

Haji alitazama zile simu zikilia. Alizitazama sana.

"Njiwa wasubiri," akasema.

Bado watu walikuwa wamekula mchana, na jambo hilo si la kucheka tu. Tulimpigia sheikh, kisha tukamleta Bi Dawlat, na usiku ule ule, ile lifti yetu ilipokwisha kuanguka, tulimkalisha mbele ya kamera kama alivyo, bila poda, na ushungi wa nyumbani.

"Ndugu zangu," akasema, "nimewakosea. Nimemuuliza sheikh, kasema aliyekula akidhani jua limezama hana dhambi, lakini siku hiyo ataifunga tena baada ya Idi. Msidhani niko juu yenu. Mimi nilikuwa nakaanga. Nimekula tende kwa adhana yangu mwenyewe, na iliporekodiwa nilikuwepo!" Fundi wa sauti akaangua kicheko, kikasikika nchi nzima. "Basi mimi siku yangu nitailipa Jumatatu, zile saumu sita za Shawwal zikishapita. Anayetaka tulipe pamoja, karibu. Na ile pete msiniulize."

Kuanzia hapo tulikuwa tunapumua. Fundi wa sauti alipitia sehemu zote zilizobaki akaondoa adhana zote, na kwa woga akaondoa hata jogoo mmoja asiye na hatia. Matangazo ya samli yakawa mengi hadi nikaanza kugombana na Sherbini kwamba anamkata Bi Dawlat maneno. Kampuni ya takwimu iliendelea kuandika sifuri yake, baba wa nyumba akiendelea kulala, na Haji akaifunika karatasi kwa kikombe cha kahawa bila kuisoma. Sehemu ya tatu ilikuwa imeshapita, ya tano imepita, na Bi Dawlat yu hai. Kila jioni alinipigia: "Bado sijafa?" Nami namjibu, "Bado, Bi Dawlat, unasumbua tu."

Kisha jioni ya siku ya ishirini na tisa, mwezi ukaandama.

Watu walitoka barabarani kwa furaha, watoto wanarusha fataki, Idi kesho. Mimi nilikuwa na tamthilia yenye sehemu thelathini na Ramadhani yenye siku ishirini na tisa. Simu ikalia.

"Mwezi, Ibtihal," Bi Dawlat akasema. Alikuwa analia, hakujificha. "Waandishi waliniua, waongozaji waliniua, nikawasamehe. Sasa na mwezi!"

Nikamwendea Haji. Alikuwa anaonja vileja vya Idi.

"Irushe kesho," akasema.

"Kesho nani yuko jikoni? Watu wako kwa ndugu zao, wamevaa nguo mpya. Tutairushia viti, Haji, wewe mwenyewe ulisema."

"Basi lini?"

"Jumatatu ile. Saa ile ile, kabla ya maghribi."

"Shawwal? Nani anakaanga sambusa saa hiyo Shawwal?"

"Wenye siku ya kulipa."

Alitafuna polepole. Takwimu hakuna baada ya Ramadhani, na matangazo yameisha. Hakuna kilichomlazimisha. "Mke wangu anailipa Jumatatu hiyo," akasema mwishowe. "Ameshaniambia nisimsemeshe. Haya, weka."

Jumatatu nilikwenda kwa Bi Dawlat, Shubra, ghorofa ya juu kabisa, nami nikiwa na saumu ya kulipa, maana tende ile sikuitema yote. Nilimkuta jikoni. Alikataa katakata kukaa sebuleni.

"Siwezi kujitazama. Kaa hapo, kata vitunguu, usiniongeleshe."

Televisheni yake ndogo ilikuwa juu ya friji, naye ameipa mgongo, anageuza biringani kwenye mafuta. Dirisha lilikuwa wazi kwa ule uwazi wa katikati ya jengo, ambako madirisha ya majiko yote yanatazamana, na wanawake huazimana chumvi na habari. Sikuwa na raha hata kidogo. Nilihofia kwamba tuko watatu tu, sisi na mke wa Haji.

Muziki wa Duka la Pasi ukaanza juu ya friji. Na ukaanza chini yetu pia. Nikadhani ni mwangwi. Bi Dawlat akasimamisha mwiko. Ukatoka na upande wa pili, na chini zaidi, na chini kabisa kwa bawabu, hadi uwazi wote ukajaa muziki na harufu ya mafuta ya kukaangia, Jumatatu ya kawaida, katikati ya Shawwal.

Bi Dawlat alizima jiko.

Umm Rabii alikuwa anafunga duka lake. Alikunja ushungi, akaweka pasi juu ya rafu, na sauti yake ikapanda kutoka kila dirisha: "Umri wangu wote nimenyoosha nguo za watu. Hakuna aliyewahi kuniuliza, zako wewe, nani anazinyoosha?"

Mwanamke wa ghorofa ya pili akapaza sauti, analia na kamasi zake: "Mimi, Umm Rabii! Nitupie mimi!" Uwazi mzima ukacheka na kupenga. Bi Dawlat alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na hakuyafuta.

Yakapita majina, hadi la mwisho. Likaandikwa neno Mwisho. Na muda mfupi baadaye, kutoka msikitini ng'ambo ya barabara, ikaja adhana.

Hakuna aliyejongea. Sikusikia glasi, sikusikia kijiko. Madirisha yote yalikuwa yanasubiri.

"Bi Dawlat!" mtu akaita kutoka chini. "Hii ni ya kweli au ni ya kwako?"

Bi Dawlat akatoa kichwa nje, ushungi umemteleza, mvi zake zote hadharani, akaita kwa sauti ambayo katika kazi yake yote hakuna aliyewahi kumwachia aitumie:

"Ya kweli! Nimefika, jamani! Semeni bismillahi, futuruni!"

Jengo zima likasema bismillahi, kutoka juu hadi chini, kisha likanyamaza, watu wanakunywa maji.